Siku Moto Ulipogawiwa

Hakuna mpagazi kati ya Mwaya na Tukuyu ambaye hakumjua Lutengano, na hakuna hata mmoja aliyejua Lutengano anapenda kula nini.

Alikuwa kirongozi, yule anayetangulia msafara. Meli ya moshi ilipowashusha Wazungu pale Mwaya kwenye ufuko wa ziwa kubwa, wafanyabiashara, wamisheni, watu wa serikali, msimamizi wa banda la wageni alimwita yeye kabla masanduku hayajagusa mchanga. Lutengano alijua mahali ambapo mto Mbaka unavukika bila kulowesha mizigo. Alijua mji upi unauza maziwa na mji upi una mbwa wakali. Zaidi ya yote alijua kucheka. Watu hudhani mzigo mzito wa safari ni ule wa kichwani, lakini mzigo wa kichwani hutuliwa kambini jioni, mpagazi akajinyoosha akalala. Kicheko cha kirongozi hakina pa kukitua. Mgeni akinuna, kirongozi achangamke. Mgeni akilalamikia mvua, kirongozi aombe radhi kana kwamba ndiye aliyeinyesha. Wiki aliyozikwa baba yake mdogo, Lutengano alikuwa njiani na mnunuzi mmoja wa ngozi, akimwimbia nyimbo za kuchekesha tangu asubuhi, kwa sababu mtu havuki bahari ili aje kutazama machozi ya watu asiowajua.

Aliipenda kazi hiyo, asisingiziwe. Aliipenda kama mtu anavyopenda kioo. Mgeni alipomshika bega na kusema, "Bila wewe ningepotea," kifua kilimpanuka, akasahau kwamba maneno hayo hayo aliyasikia kwa mgeni wa kabla, na kwamba wote wawili hawakurudi tena.

Lakini Lutengano alikuwa pia mtu wa rika lake.

Katika bonde la Kyela, kwao Lutengano, mtoto wa kiume hakukulia nyumbani kwa baba yake. Akishakuwa na kimo cha kuchunga ng'ombe, aliondoka na wenzake wa umri mmoja, wakajijengea vibanda vyao pembeni mwa migomba, wakalala huko. Kula walikula kwa mama zao kwa zamu, wote kwa pamoja: leo kwa mama yake Hezroni, kesho kwa mama yake Nsajigwa, kesho kutwa kwa Marta, mama yake Lutengano. Hakuna aliyekwenda kwa mama yake peke yake. Anayekula peke yake watu walimtazama vibaya, wakaulizana ni nyama gani hiyo isiyotaka kuonekana. Kukaa huko pamoja, kula, kuzungumza mpaka maneno yaishe na bado watu wasiinuke, walikuita ukwangala, na mtu aliyekosa ukwangala walimhesabu maskini hata kama zizi lake limejaa.

Mwaka ule malafyale, mtawala wao, alikuwa amezeeka, na wazee walikubaliana kwamba wakati umefika wa nchi kukabidhiwa vijana. Jambo hilo humkuta mtu mara moja tu maishani. Siku hiyo kila moto katika nchi huzimwa, kuanzia jiko la bibi kizee hadi tanuru la mhunzi, na moto mpya hupekechwa kwa vijiti. Kisha mkuu wa kijiji kipya huita majina ya rika, mmoja mmoja. Anayeitwa huchukua moto kwa mkono wake, akaenda nao hadi mahali pa kiwanja chake, na hapo ndipo atakapojenga, ataoa, atazeeka, na atazikwa. Asiyechukua moto hana kijiji. Anaweza kuwa na ndugu, anaweza kuwa na ng'ombe, lakini kijiji hana.

Siku iliwekwa: kesho yake baada ya mwezi mpya kuandama.

Mwezi ulikuwa bado mkubwa meli ilipomleta Bwana Ritter.

Huyu alikuwa Mzungu wa ajabu. Hakuwa wa serikali, hakuwa wa misheni, hakuuza wala hakununua. Alikuja kutembea tu. Wapagazi walijadiliana habari hiyo pwani nzima, na mmoja akakata shauri kwamba bila shaka kwao amefukuzwa na mkewe. Bwana Ritter alikuwa na sanduku la kupigia picha, miwani ya duara, na sauti ya upole, na jambo la kwanza alilotamka kwa Kiswahili chake kilichonyooka kupita kiasi lilikuwa, "Nimeambiwa nimtafute Lutengano."

Ameambiwa! Huko mbali, mezani kwa watu, jina lake limetajwa. Kichwa kilimvimba Lutengano hata akaona haya mwenyewe.

Akaenda kuwaaga wenzake. Aliwakuta kwenye vibanda vyao vya zamani, wakipasua mianzi ya nyumba mpya. Hezroni, ambaye alilala naye kibanda kimoja tangu utotoni, alikuwa amekaa juu ya rundo la mianzi, kisu mkononi.

"Gwe Lutengano!" akaita Nsajigwa, yule asiyeweza kufunga mdomo. "Umekuja kutusaidia, au umekuja kututembeza? Maana sisi hapa tunapajua."

Wakacheka. Lutengano naye akacheka, akasema anapanda Tukuyu na mgeni, na atarudi kabla ya mwezi kuandama.

Kisu cha Hezroni kikasimama. "Mwingine hayupo?"

"Wapo. Ila huyu amenitaka mimi kwa jina."

"Na sisi tunakutaka kwa nini? Kwa namba?"

"Hezroni, ni kwenda na kurudi. Nimeipanda njia hiyo mara ngapi? Na ikitokea nimechelewa kidogo, utanipokelea."

"Nikupokelee moto?" Hezroni alimkazia macho kama anayemtazama mgonjwa. "Ningekuolea mke ingekuwa rahisi zaidi."

"Na angemshukuru!" Nsajigwa akadakia. "Mke wa Lutengano atahitaji mtu wa kumwonyesha mumewe ni yupi."

Kicheko kilipanda tena, na Lutengano akaondoka katikati yake, kwa kuwa hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuondoka. Alipita kwa mama yake kuchukua ndizi za kuchoma za njiani. Marta hakumgombeza. Alisema tu kwamba wenzake walikula kwake juzi, na kwamba sehemu yake aliiweka kando mpaka ikapoa.

"Ungewapa wao, Mama."

"Niliwapa. Sasa huwa nawapa."

Safari ilikwenda vizuri mpaka Tukuyu. Mvua zilikuwa zimekatika, mito imeshuka, wapagazi wana nguvu. Bwana Ritter alisimama kila kilimani akapiga picha, na alishukuru kwa kila kitu, hata kwa kivuli. Jioni alimkaribisha Lutengano karibu na meza yake ya kukunja, akamuuliza habari za nchi, akaandika. Wapagazi kule kwenye moto wao walikuwa wakitaniana na kugombania ukoko. Lutengano alizisikia sauti zao, asiende. Akienda kwao walikaa vizuri, wakapunguza mizaha. Kwao yeye alikuwa mtu wa bwana. Na kwa bwana alikuwa mtu wa kusimama upande, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia avute kiti. Basi alikula baadaye, kando, mabaki ya sahani, nyama ya kopo yenye chumvi ya kigeni, mgongo umeelekea pande zote mbili.

Huko Tukuyu, Bwana Ritter alisikia habari za Ngozi, ziwa lililomo ndani ya mlima, juu, kwenye msitu wa baridi. Ilikuwa nje ya mapatano. Lutengano alipiga hesabu ya mwezi, akaona wakienda moja kwa moja na kurudi bado muda unatosha, ingawa kwa kubanana. Wakaenda. Walikwea katikati ya mianzi mibichi na matope, wakafika ukingoni, wakatazama chini. Wingu. Ziwa zima limefunikwa gubigubi.

Siku ya pili, wingu. Lutengano alisimama mbele ya bwana, akavua kofia.

"Bwana, naomba ruhusa. Wapagazi wanaijua njia ya kurudi. Kule kwetu kuna jambo, na mimi lazima niwepo."

"Kuna msiba?"

"Hapana, Bwana. Si msiba."

Angesema ni msiba, angeachiwa papo hapo. Hata kusema ni sherehe kungeweza kutosha. Ila Bwana Ritter alivua miwani, akaifuta, na macho yake bila miwani yalikuwa ya mtu mnyonge kabisa. "Lutengano," alisema, "nimetoka mbali sana. Bila wewe hawa watanitoroka kesho, na mimi sitaliona ziwa hili mpaka kufa. Wewe ndiye unayelijua wingu. Siku moja tu. Niimbie wingu lako liondoke."

Hapo ndipo Lutengano alipoponzwa, wala si kwa nguvu. Wengine hutishwa kwa kiboko wakafanya jambo wasilolitaka, yeye alibembelezwa. Alihisi kitu kitamu kikimpanda kooni, akageuka ukingoni, akaanza kuimba kwa sauti ya kuuamsha msitu, na wapagazi wakaitikia:

Wingu, funua shukayo, mgeni aone ziwa;
katoka mbali kwa moyo, usije kulaumiwa.

Wingu halikufunuka siku hiyo. Lilifunuka iliyofuata, mchana, kwa muda mfupi, na maji yalionekana chini kabisa, ya kijani kizito, yamelala. Bwana Ritter alilia machozi. Alimkumbatia Lutengano mbele ya watu wote. Jioni yake, wakishuka, Lutengano aliinua macho juu ya miti, akauona mwezi. Ulikuwa mwembamba kama ukucha.

Alfajiri aliwaamsha wapagazi kwa ukali ambao hawakuuzoea. Aliwakimbiza. Walifika juu ya ukingo wa mwisho, pale ambapo nchi inaporomoka na bonde lote la Kyela linaonekana limetandazwa hadi kwenye ziwa la meli, na huko mbele milima ya Wakinga imesimama ndani ya maji. Hewa ilikuwa safi kama iliyofuliwa. Wapagazi walitua mizigo bila kuamriwa.

"Ajabu," alisema Bwana Ritter. "Tulipopanda kulikuwa na moshi kila mahali. Leo hakuna hata mmoja. Watu wamehama?"

Lutengano alitazama. Ni kweli. Bonde lote, kutoka mto Songwe hadi chini ya milima, asubuhi ambayo kila mama angekuwa anapika, hapakuwa na uzi mmoja wa moshi. Migomba ilisimama kimya. Mtu asiyejua angesema nchi imekufa.

"Hawakuhama, Bwana," alisema. "Wamezima."

"Wamezima kwa nini?"

Na Lutengano akamweleza. Ndiyo kazi ya kirongozi, kueleza. Alimweleza habari ya wazee kukabidhi nchi, habari ya vijiti vinavyopekechwa, habari ya majina. Aliieleza vizuri, kwa mpangilio, akiweka kichekesho mahali pa kichekesho, na sauti yake haikutetemeka, kwa sababu ilikuwa imefundishwa isitetemeke. Bwana Ritter aliandika haraka haraka.

"Nzuri mno," akawa anasema. "Endelea."

Alipokuwa bado anaendelea, uzi wa kwanza ukapanda. Mwembamba, mweupe, mbali sana chini, hata akadhani ni jicho lake. Kisha wa pili kando yake. Kisha ikawa mistari, mmoja baada ya mwingine bila haraka, na Lutengano alijua kila mmoja una jina. Huyo Hezroni. Huyo Nsajigwa, lazima ameutania hata moto. Alijaribu kukisia jina lake liko wapi kati ya hayo yanayoitwa. Limeshapita? Linaitwa sasa hivi?

"Na kijana ambaye hayupo leo," aliuliza Bwana Ritter, kalamu juu ya karatasi, "yeye inakuwaje?"

"Wote wapo, Bwana," alijibu Lutengano, akatabasamu.

Alimfikisha bwana hadi Mwaya. Angeweza kumwacha njiani, lakini kukimbilia nini sasa? Meli ilipong'oa nanga Bwana Ritter alipunga kofia mpaka akawa kama nukta, na Lutengano akapunga naye. Kisha akaenda kijijini.

Kijiji kipya kilikuwa kizuri kiasi cha kuumiza. Mianzi ya kijani ilikuwa imesimikwa kwa safu mbili zinazotazamana, machipukizi ya migomba yamepandwa nyuma ya kila boma, na katika kila kiwanja kulikuwa na mafiga matatu na moto wake. Alitembea katikati ya safu, akihesabu kwa macho. Baada ya kiwanja cha Hezroni kilifuata cha Nsajigwa. Kati yao, pale palipopaswa kuwa pake, hapakuwa na nafasi hata ya mbuzi kupita.

Walimwona. Wakapiga kelele za furaha, za kweli kabisa. Hezroni alikuja mbio. Mmoja akaleta kigoda. Mwingine akaleta maji ya kunawa kwenye chungu kipya kilichofinyangwa na Wakisi. Maziwa ya mgando yakaja, yale mazito ya juu, kwenye kibuyu cha peke yake. Wakamuuliza habari za njia. Wakamuuliza kama amechoka. Wakamwambia apumzike kwanza.

Hao walikuwa watu ambao maisha yao yote walimpokea kwa kumtukana. Hakuna aliyewahi kumpa kigoda. Lutengano alikaa juu yake, kibuyu mkononi, akayajua yote yaliyokuwa yakifanyika pale, kwa kuwa alikuwa fundi wa mambo hayo: nani aletewe maji kwanza, nani aulizwe habari za njia, kwa sauti ipi. Walikuwa wakimkaribisha mgeni. Na walifanya vizuri. Walifanya kwa upendo.

"Kiwanja changu," akasema.

Nsajigwa aliangalia pembeni. Hezroni ndiye aliyejibu.

"Jina lako liliitwa. Nikasema, yuko njiani. Likaitwa tena, nikasema, anavuka mto, namsikia. La tatu…" Aliokota kijiti, akakivunja. "La tatu nilinyamaza, Lutengano. Ningesema nini tena? Jua lilikuwa linakwenda na mipaka ya kijiji bado haijatembewa. Wakapita jina lako, tukaambiwa tusogee. Safu haiachwi na pengo."

"Ungebaki umesimama. Ungekataa kusogea."

"Nilisimama. Waulize hawa. Waliokuwa nyuma yangu walishika moto mikononi, unawaunguza."

Mianzi ilikuwa ikialika kwa jua.

"Utalala kwangu," akasema Nsajigwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutia mzaha. "Nimetandika majani mabichi. Kaa hata mwezi mzima."

"Kisha?"

"Kisha si utaondoka? Wewe huwa unaondoka."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno yale yalikwenda moja kwa moja mpaka ndani.

Chakula kikaja. Ilikuwa zamu ya mama yake Hezroni, na wanawake walileta ndizi na maharage kwenye chano kubwa, watu wakazunguka. Lutengano aliletewa bakuli lake, limejazwa. Aliliweka chini, akasogea kwenye chano, akaingiza mkono kati ya mikono yao kama zamani. Walimpisha. Hilo lilimuuma kuliko bakuli. Zamani hakuna aliyempisha. Ilikuwa kusukumana viwiko, kunyang'anyana, kutukanana kwa midomo iliyojaa. Sasa kila mkono uliotaka kipande kizuri ulisita, ukamwachia. Alikula, akashiba, wala hakuonja kitu.

Walizungumza mambo ya kijiji. Nani atamwoa nani baada ya mavuno. Ng'ombe wa malafyale aliyekimbia siku ile akamkanyaga mzee mmoja. Walicheka juu ya jambo fulani Hezroni alilosema wakati wa kutembea mipaka, na walipomwona Lutengano hacheki, mmoja akamweleza. Alieleza kwa mpangilio, pole pole, tangu mwanzo. Lutengano akacheka mahali palipotakiwa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipofika mtu wa banda la wageni, jasho linamtiririka. Meli nyingine imeshusha watu Mwaya. Mume na mke, na masanduku mengi. Wanamtaka Lutengano.

Macho yote yakamgeukia. Naye akawatazama, uso mmoja baada ya mwingine, nyuso alizozijua kabla hazijaota ndevu. Lilihitajika neno moja. Mtu mmoja angesema, "Kaa," yule mtu wa banda angerudi peke yake, na Lutengano angelala kwa Nsajigwa, kesho angekwenda kwa mkuu wa kijiji akaombe hata kona ya matope kando ya mto. Alilingoja neno hilo. Nao, kwa adabu, walikuwa wanamngoja yeye aseme, "Sendi." Hezroni alifungua mdomo, akamtazama yule mtu mwenye jasho, akaufunga. Nani amwambie mgeni asiende zake?

Lutengano aliinuka, akakung'uta mikono.

Hezroni alimsindikiza hadi mwisho wa migomba, wakitembea bega kwa bega mpaka kijito kinachotenga kijiji kipya na njia ya Mwaya. Mtu wa banda alikuwa ameshavuka. Siku zote walipoagana mahali kama pale, Hezroni alimpiga ngumi ya mgongo na kumwambia, "Rudi upesi, mjinga wewe." Leo alimpa mkono. Aliushika wa Lutengano kwa mikono yake yote miwili.

"Safari njema," akasema.

"Ndaga," Lutengano akamshukuru, akaingia majini.

Huko mbele yule mtu wa banda alikuwa akimweleza kwa kelele kwamba huyo mwanamke wa Kizungu anaogopa maji, itabidi atafutiwe machela, na kwamba wametaja habari ya ziwa fulani mlimani. Lutengano alipandisha ukingo wa pili, akampita, akashika nafasi yake ya mbele.